Maji ya Soda Bila Magadi

Mtaa mzima ulimwita Bi Povu. Si kwamba alikuwa mwingi wa maneno. Zilikuwapo siku ambazo maneno yake yote, ukiyakusanya kutoka asubuhi hadi jioni, yasingejaza kiganja. Jina lilitokana na kazi. Alitengeneza maji ya soda kwenye chumba cha chini cha nyumba aliyoachiwa na baba yake, akalala chumba cha juu, na ngazi ya mbao iliyounganisha vyumba hivyo viwili haikupandwa na mtu ila yeye, labda na paka wa fundi viatu wa jirani, ambaye hakuwa na adabu ya kubisha hodi.

Kazi yenyewe watu hawakuielewa, na yeye alishachoka kuieleza. Haikupita wiki bila mtu mwenye kiu kusimama mlangoni akipangusa jasho.

"Mama, nipatie soda baridi."

"Hapa hakuna soda. Kuna maji ya soda."

"Si ndiyo hiyohiyo?"

"Siyo."

"Ina ladha gani?"

"Ya maji."

"Sasa mtu anunue maji ya nini, na bombani yapo?"

Hapo Bi Povu hufunga nusu ya mlango. Tuseme ukweli, mfanyabiashara wa namna hiyo hata akiuza dawa ya kurudisha ujana atakufa maskini. Lakini naye alikuwa na haki ya kuudhika. Ukisema soda, watu wanafikiria kinywaji kitamu chenye povu, cha rangi ya machungwa, nyekundu au nyeusi. Mwokaji mikate wa pale kona ukimtajia soda anakuletea unga mweupe wa kuumulia. Na kumbe huo unga ndio chanzo cha habari yote. Hapo zamani magadi soda kidogo yalitiwa kwenye maji, gesi ikashindiliwa humo, ile tunayoitoa puani tukipumua, yakaitwa maji ya soda. Baadaye wakaja wenye akili ya biashara wakaongeza sukari, wakaongeza rangi, wakalikata jina wakachukua kipande. Mjukuu karithi jina na babu kasahauliwa, na Bi Povu ndiye aliyebaki akimtunza babu.

Wateja walikuwapo, si wengi. Hoteli ya barabara kuu ilichukua kreti kadhaa, maana wanywaji wa vinywaji vikali walipenda kuvipunguza ukali. Mshonaji mzee alinunua chupa yake kila akivimbiwa. Dobi alinunua kwa ajili ya madoa, akaapa kwamba doa la divai likiwahiwa na maji ya soda halina ujanja. Kwa hiyo maji yake yalichanganywa, yalitibu, yalifua. Mtu wa kuyamimina kwenye glasi, akayanywa yenyewe, akasema haya ni mazuri, huyo hakuwapo. Bi Povu alilijua jambo hilo na lilimuuma, ingawa ungemuuliza angekwambia yeye anachotaka ni chupa zake tupu zirudi.

Kazi ilianza kabla jua halijawa kali, kwa sababu gesi haipendi maji ya moto. Ukiyaacha maji yapate joto, gesi inaingia na kutoka kama mgeni asiyekaribishwa. Kwa hiyo aliyachuja, akayatia kwenye pipa la chuma lililozungukwa na barafu, akasubiri mpaka ukiliwekea kiganja unatamani kukitoa. Halafu magadi: kijiko kimoja kutoka kwenye kopo la rafuni, na chumvi ya kushika kwa ncha za vidole. Halafu kifuniko, halafu mpira wa kutoka kwenye mtungi wa gesi, halafu kulizungusha pipa kwa mkono wa chuma huku akisikiliza. Mwanzoni gesi hupiga kelele ndani, kisha hunong'ona, kisha hunyamaza. Ikinyamaza imekubali. Hapo huvaa kinyago chake cha waya, maana chupa mbovu hupasuka bila taarifa na kovu la kidevuni lilikuwa shahidi, akajaza chupa moja moja na kuzigongea vizibo kwa mashine ya mguu.

Yote haya alifundishwa na baba yake, yeye na kaka yake, wakiwa wangali wadogo kiasi cha kusimama juu ya kreti ili walifikie pipa. Mzee alikuwa mtu wa maneno machache, ugonjwa ambao bintiye aliurithi, lakini kuhusu magadi alikuwa na hotuba. Maji yenye gesi tupu, alisema, yanakwaruza ulimi na kuondoka. Magadi ndiyo yanayoyatuliza, yanayapa mwili, ndiyo yanayofanya mtu aliyekunywa atake tena bila kujua kwa nini. Asiyetia magadi anauza hewa.

Mzee alipofariki, kaka akataka mabadiliko. Yeye alikuwa mkubwa, na alikuwa na kichwa cha biashara, hilo hakuna aliyelipinga. Alitaka sukari, alitaka rangi, alitaka chupa zenye picha. Kama hatua ya kwanza alitaka magadi yaachwe, kwa sababu ni kazi ya bure na hakuna mtu anayeyasikia mdomoni. Dada mtu akasema labda wasiojua kula. Basi kaka akafanya jambo ambalo hakupaswa kulifanya. Aliwaita wateja waliokuwa uani wakisubiri mizigo yao, akawamiminia glasi mbili mbili, moja yenye magadi na moja isiyo nayo, mbele ya mafundi wote walioajiriwa na mzee, akawauliza ipi ni ipi. Wakaonja, wakatazamana, wakacheka. Hakuna aliyejua.

"Umeona?" kaka akasema. "Unatunza kitu ambacho hakipo."

Naye akamjibu kwa sauti ambayo hata mwenyewe hakujua anayo. Alimwita mwizi wa jina la baba. Alimwambia aondoke na sukari zake, na kwamba siku atakapohitaji maji ya kweli asije kubisha mlango huu. Maneno yakitoka hayarudi. Kaka akaondoka na mafundi wote, akafungua kiwanda chake upande wa pili wa mji, na kwa muda kikashamiri kweli, mpaka viwanda vikubwa vilipokuja vikakimeza. Dada akabaki na pipa, mtungi na kopo.

Wapatanishi walijaribu, wakashindwa. Wazee husema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, lakini hawa wawili ungelima, ukapalilia, ukavuna, na bado ungewakuta wamenuniana. Walikutana kwenye misiba wakasalimiana kama watu wa foleni moja ya benki. Bi Povu akapata mchumba, mwalimu mpole, aliyesubiri siku atakapofunga kazi ile waende wakaishi kwingine. Akasubiri mpaka akachoka, akaoa mwingine. Mafundi hakuajiri tena. Alikula amesimama, kwa kuwa kuandaa meza ya mtu mmoja kulimtia unyonge, na jioni alikaa dirishani akinywa glasi ya maji yake mwenyewe. Hakunywa kitu kingine. Alikuwa mpweke, na kwa kuwa kila siku ilifanana na jana yake, hata yeye aliweza kukaa muda mrefu bila kuligundua hilo.

Siku moja mchana, alipokuwa akiosha chupa, akasikia hodi. Alidhani ni mwenye kiu mwingine. Alikuwa mke wa kaka yake, amesimama kizingitini na mkoba kifuani, hajui kama anaruhusiwa kuvuka.

"Wifi, hujambo?"

"Sijambo, wifi. Pita."

Akapita, akakosa pa kukaa, maana kiti kilikuwa kimoja. Bi Povu akageuza kreti, akalipangusa kwa aproni, akakaa hapo yeye na kumwachia mgeni kiti.

"Kaka yako anaumwa," wifi akasema. "Ni figo."

"Nimesikia."

Kweli alikuwa amesikia. Fundi viatu alimletea habari hiyo tangu zamani, akaongeza na kwamba damu ni nzito kuliko maji, naye akamjibu kwamba inategemea maji ya nani. Alikuwa ameamka asubuhi nyingi akisema leo nitakwenda, na kila asubuhi barafu ilikuwa imeshaletwa.

"Hataki kitu," wifi akaendelea. "Chai hataki, juisi hataki. Soda ndiyo usiseme, anadai amezitengeneza vya kutosha. Juzi akaniambia, nataka maji ya mzee. Nikadhani anaweweseka. Akasema, maji ya soda, yale yanayochoma pua, mwambie dada."

"Alisema mwambie dada?"

"Alisema hivyo."

Bi Povu akainama akaokota kizibo kilichoanguka sakafuni, akachukua muda mrefu kukiokota.

"Lakini kuna jambo, wifi. Daktari amekataza chumvi. Nilimwuliza kuhusu magadi, akasema hayo ni chumvi ileile kwa mlango wa nyuma, wala asiyaguse. Na maji anapimiwa, glasi ndogo tu adhuhuri, maana ndipo huwa macho. Kwa hiyo utamtengenezea bila magadi. Nakuomba."

"Yasiyo na magadi si ya mzee."

"Basi yawe ya kwako," wifi akasema, akainuka. Mlangoni akageuka. "Usichelewe sana, wifi. Sikutishi, nakwambia tu."

Alipoondoka, Bi Povu alibaki amekaa juu ya kreti mbele ya kiti kitupu. Kaka yake alikuwa anakufa na alikuwa amemwita. Hilo lilikuwa wazi kabisa. Na alichokiomba ni kitu ambacho akimpa kamili kitamdhuru, na akimpa pungufu atakuwa yeye, kwa mkono wake, ametengeneza yale maji aliyoyaita ya wizi. Alilia kidogo, akajifuta kwa aproni ileile yenye vumbi la kreti. Kisha akapiga moyo konde. Mtu hagombani na figo.

Asubuhi iliyofuata alifanya kazi akiwa na mawazo tele. Alichuja maji, akajaza barafu, akaanza kupanga atakachosema. Aanze na pole? Aanze na samahani, au samahani ianzwe na yule aliyewaita watu uani? Aliwaza uso wa kaka yake, akajaribu kuukumbuka ulivyokuwa msibani mara ya mwisho, akaupata ule wa utotoni tu. Alizungusha pipa, gesi ikanong'ona, ikanyamaza. Akajaza chupa moja nzuri isiyo na ufa, akaigongea kizibo, akaifunga kwa kitambaa kibichi, akaiweka kwenye boksi lenye pumba za mbao na vipande vya barafu. Akavaa gauni lake la kutokea akaondoka.

Alikuwa amefika katikati ya mji, akisubiri kuvuka barabara, alipoutazama mkono ulioshika boksi. Kwenye ukucha wa kidole gumba kulikuwa na unga mweupe.

Unga huo haukuwa kitu. Mikononi mwake ulikuwapo siku zote, wa leo, wa jana, wa juzi. Lakini ulimfanya ajiulize, na alipojiuliza akakosa jibu. Je, nilitia au sikutia? Alikumbuka barafu. Alikumbuka mpira wa mtungi. Katikati ya barafu na mpira palikuwa na kaka yake na samahani, na mkono wake ulifanya nini wakati huo hakujua. Mkono ule ulikuwa umetia kijiko kwenye pipa kila siku ya kazi tangu ujana wake, na haukuwa na desturi ya kuomba ruhusa.

Watu wakavuka, yeye akabaki. Kuonja ndiyo ilikuwa dawa, lakini aonje vipi? Ukishang'oa kizibo cha maji ya soda umeyaua. Gesi inaondoka, na mashine ya kufungia imebaki nyumbani, na mgonjwa angefikishiwa maji ya bomba yenye historia. Arudi akatengeneze upya? Barafu ilikuwa imekwisha, mpya ingekuja kesho, na wifi alisema kaka yu macho adhuhuri tu. Usichelewe sana, alisema. Bi Povu akasema liwalo na liwe, akavuka.

Chumba cha mgonjwa kilikuwa safi, pazia limevutwa nusu, kando ya kitanda kibeseni na taulo. Kaka yake alikuwa amekwisha. Yale mabega ya kubebea kreti hayakuwapo. Macho tu ndiyo yalikuwa yake, nayo yalimfuata dada tangu mlangoni.

"Umekuja."

"Nimekuja, kaka."

"Umezeeka, mdogo wangu."

"Kwani nyumba hii haina kioo?"

Kaka akatoa sauti ambayo kwa mtu mzima wa afya ingekuwa kicheko. Akatazama boksi. "Umeleta?"

Wifi akaleta glasi ndogo ya kupimia, iliyochorwa mstari kwa kalamu. Bi Povu akaitoa chupa, ingali baridi, akaelekeza shingo yake ukutani, mbali na uso wa mgonjwa, akang'oa kizibo. Chupa ikatoa pumzi. Kaka akafumba macho kuisikiliza. Maji yakapanda kwenye glasi yakitetemeka kwa vipovu vidogo vidogo, na mkono wa mgonjwa ukanyanyuka kuipokea, na hapo Bi Povu akairudisha glasi nyuma.

"Subiri kwanza. Kaka, sijui kama nimetia magadi."

Wifi akashika kichwa. "Wifi! Si nilikwambia?"

"Uliniambia. Nilikusudia nisitie. Lakini nilikuwa na mawazo, na mkono umezoea. Sijui."

"Wewe?" kaka akauliza. "Wewe hujui?" Akaanza kucheka, kicheko kikawa kikohozi, wifi akamwinua, akamlaza. Alipopata pumzi akasema, "Onja, basi."

Bi Povu akaonja. Alitia funda mdomoni, akalikalisha ulimini kama mzee alivyowafundisha, akameza. Akaonja tena. Gesi ilimchoma pua, baridi ikamshika meno, na baada ya hapo yalikuwa ni maji. Aliyatafuta magadi juu ya ulimi, pembeni, nyuma kabisa kooni. Maisha yake yote hakunywa maji mengine. Ladha ile ilikuwa imekaa mdomoni mwake sawa na mate, na mtu hasikii ladha ya mate yake.

"Haya?" kaka akasema. "Yamo?"

Angeweza kudanganya. Angesema hayamo, kaka akanywa, na huenda tone la magadi lisingemfanya kitu. Lakini huenda si neno la kumpa mgonjwa. Na kusema kweli kulikuwa na maana moja tu, nayo aliikimbia tangu siku ile ya uani.

"Sijui," akasema. "Sisikii tofauti." Akasubiri kaka ashinde.

Kaka hakushangilia. Alinyoosha mkono. "Lete hapa."

"Baba watoto, hapana," wifi akasema.

"Sinywi. Lete."

Akalowesha midomo, akachukua tone dogo mdomoni, akafumba macho. Shavu lake lililobonyea likasogea kidogo. Kisha akainama akatema kwenye kibeseni, akajipangusa.

"Yamo," akasema. "Tena umezidisha kuliko mzee."

Dada akamtazama. "Unayasikia?"

"Nayasikia."

"Siku zote?"

"Siku zote. Mimi si mtoto wa yule mzee?"

"Lakini ulisema hakuna anayejua. Mbele ya watu wote ulisema hakuna anayejua!"

"Nilisema wateja hawajui," kaka akasema. "Mimi hukuniuliza."

Bi Povu akakaa kitandani bila kukaribishwa. Kwa miaka yote hiyo alikuwa amejibizana na kaka yake kichwani, akiwa ngazini, akiwa dirishani, na alikuwa na jibu la kila kitu ambacho angeweza kusema. La hili hakuwa nalo. Alihisi uchungu wa kweli, uchungu wa mtu aliyelinda mlango na kumbe aliyemfungia nje ndiye pekee aliyekuwa na hamu ya kilichomo ndani. Akaushika mkono wa kaka yake. Ulikuwa mwepesi.

"Na wewe mbona hukusema?"

"Uliniita mwizi," akasema. "Nilikuwa na hasira. Halafu nikawa na aibu. Halafu nikawa na kiwanda." Akaisukuma glasi kando. "Kesho niletee yasiyo nayo. Hayo nitakunywa."

Jioni ile Bi Povu alilichukua kopo la magadi na la chumvi, akampelekea fundi viatu.

"Nifichie haya. Hata nikikuomba, usinipe. Hata nikilia."

Fundi viatu akayatazama makopo, akamtazama yeye. "Bi Povu, wenzako hukabidhi jirani chupa za pombe. Wewe wakabidhi magadi?"

"Kila mtu na ulevi wake," akasema, na fundi viatu akasimulia mtaa mzima kwamba leo yule mama amefanya mzaha.

Basi kila mchana, barafu ikiruhusu, alivuka mji na boksi lake. Kaka alimiminiwa mpaka kwenye mstari, akanywa polepole, akatoa hukumu.

"Mabaya."

"Najua."

"Yanakwaruza ulimi na kuondoka. Unauza hewa, mdogo wangu."

"Kunywa, acha domo."

Akanywa mpaka tone la mwisho. Kisha walizungumza, siku nyingine walikaa tu. Kaka alimwambia kwamba katika miaka yote ya kiwanda hakuwahi kumaliza chupa moja ya soda zake. Alimwuliza kama bado anasimama kwa mguu mmoja anapozungusha pipa. Alikuwa anakumbuka vitu ambavyo hakuna mwingine aliyebaki wa kuvikumbuka, na dada alirudi nyumbani jioni akiwa amechoka kwa kuzungumza, uchovu aliousahau. Siku hizo alianza kula amekaa.

Kwa kuwa makopo hayakuwapo, mapipa yote ya siku zile yalitoka bila magadi, ya mgonjwa na ya wateja. Alijitayarisha kwa malalamiko. Kwa kweli aliyatamani. Alipopeleka kreti hotelini alikaa kidogo kaunta akisubiri mtu akunje uso. Mshonaji akanunua chupa yake, akacheua, akashukuru. Dobi akatoa doa lake. Hakuna aliyesema neno. Kaka alisema kweli juu yao, na alipomsimulia, kaka akasema, "Pole," wala hakucheka.

Kaka alifariki adhuhuri moja, wifi akiwa jikoni na Bi Povu akiwa njiani. Alifika na chupa yake ikiwa baridi. Wifi alimpokea mlangoni wakashikana, na chupa ilibaki kwenye boksi lake mpaka watu walipoanza kuja, mtu akaifungua akawapa wenye kiu.

Msiba ulipokwisha, wifi alihamia kwa binti yake, mji mwingine. Aliagana na Bi Povu vizuri, akamwambia atapiga simu, na mara moja moja alipiga. Bi Povu akaenda kwa fundi viatu.

"Nipe makopo yangu."

"Uliniambia hata ukilia."

"Silii. Nipe."

Fundi viatu akamtazama, akaingia ndani, akayatoa nyuma ya rundo la soli.

Kesho yake alichuja maji, akajaza barafu, akatia kijiko. Safari hii alitia akijua anatia, akautazama unga ukizama mpaka ukapotea. Akalizungusha pipa mpaka gesi ikanyamaza. Kisha akapeleka kreti hotelini, na mhudumu wa kaunta alipofungua chupa ya kwanza ili amchanganyie mteja, akamzuia.

"Kijana, kabla hujachanganya. Yaonje hayo, yenyewe."

Mhudumu, mtu wa watu, akamimina kidogo akanywa. "Mazuri, mama. Kama kawaida yako."

"Hayana tofauti na ya wiki iliyopita?"

Mhudumu akanywa tena, kwa heshima tu, akayakalisha mdomoni, akafikiri. Duniani alikuwapo mtu mmoja aliyeijua tofauti hiyo bila kufikiri, naye alikuwa amezikwa.

"Tofauti gani, mama?"

"Hakuna," akasema Bi Povu, akabeba chupa zake tupu akaenda.